Msaada wa mtoto shuleni: hakikisha umeandikwa

Mwanangu anasikia vizuri kabisa, lakini maelekezo yakiwa na hatua tatu, yeye hubaki kwenye ya kwanza. Mwalimu wake wa mwanzo alikuwa na moyo wa pekee. Alimketisha mbele, akamrudia maelekezo taratibu, akamchorea kila hatua ubaoni. Mwalimu yule alipohamishwa, vyote hivyo vilihama naye. Hakuna aliyemwonea mtoto. Ni kwamba hapakuwa na karatasi yoyote iliyoilazimu shule kuendelea pale alipoishia mwalimu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na msaada wa mtoto nao ni mali. Kwa hiyo kila mzazi anayeniuliza namwambia hivi: tafuta msaada ulioandikwa, wenye idadi, wenye fungu lake la fedha.

Anza na daftari lako mwenyewe, kabla hata ya kuandika barua ya kuomba mtoto afanyiwe tathmini, yaani achunguzwe anahitaji msaada gani ili ajifunze. Andika tarehe, kilichotokea, na kilichomsaidia. Hapa ndipo wazazi wengi tunapata shida, na chanzo chake ni mapenzi. Mtu akituuliza habari za mtoto tunataja alichoweza: ameandika jina lake, amemaliza hesabu zote. Ni kweli, na inafurahisha. Lakini anayefanya tathmini anahitaji kujua mtoto alifikaje hapo. Badala ya "siku hizi anaandika", andika: "Ameandika sentensi mbili kwa nusu saa, nikiwa kando yake namkumbusha kila neno. Nilipoondoka, hakuandika kitu." Tofauti kati ya mtoto aliyeshikwa mkono na mtoto aliyeachwa peke yake ndiyo inayoonyesha kiasi cha msaada anaohitaji. Inauma kuiandika. Mimi kuna jioni nilifunga daftari nikashindwa kuendelea. Hata hivyo kurasa hizo ndizo zilizosomwa kwenye kikao cha kujadili msaada wake, kwa sababu zilieleza jambo ambalo ripoti ya nusu saa ya mtaalamu isingeweza kuliona.

Ombi la tathmini lipeleke kwa maandishi, lenye tarehe, na ubaki na nakala. Mazungumzo ya mlangoni na mwalimu mkuu hayahesabiwi popote. Chunguza pia kama sheria ya unakoishi inamruhusu mzazi kuomba mwenyewe bila kungoja shule. England, kwa mfano, chini ya sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, mzazi anaweza kuiandikia moja kwa moja mamlaka ya serikali ya mtaa, na safari yote kuanzia ombi hadi mpango kamili, yaani waraka unaoandika msaada atakaopewa mtoto, ikiwa utakubaliwa, haipaswi kuzidi wiki 20. Marekani, sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1975, inataka tathmini ifanyike ndani ya siku 60 baada ya mzazi kutoa idhini, isipokuwa pale jimbo lilipojiwekea muda wake. Huko, mzazi asiyekubaliana na tathmini ya shule anaweza pia kuomba nyingine ya mtaalamu huru kwa gharama ya umma. Shule ikikataa, ni lazima iitetee tathmini yake mbele ya afisa huru anayesikiliza na kuamua mashauri hayo. Muda wa aina hii hauwezi kukulinda kama huna barua inayoonyesha siku ulipoanza kuhesabiwa.

Cheti cha hospitali kinasaidia, ila kisikupe utulivu wa mapema. Kinataja hali ya mtoto. Hakisemi anahitaji nini saa nne asubuhi darasani.

Kwenye kikao nenda na mtu, awe ndugu au rafiki, kazi yake iwe kuandika tu. Omba ripoti zote siku kadhaa kabla. Baada ya kikao, tuma ujumbe mfupi wa kueleza mlichokubaliana, kwa adabu, ili asiyekubali aseme mapema.

Rasimu ya mpango ikifika, isome kwa kalamu. Ogopa maneno laini: "atasaidiwa inapohitajika", "atapewa fursa ya". Nani ataamua kwamba inahitajika? Maneno hayo hayamdai mtu chochote, na mhasibu hawezi kuyatengea fedha. Dai yaandikwe hivi: dakika 45 kila wiki na mtaalamu wa tiba ya usemi, ana kwa ana, msaidizi wa darasani kwa muda wa saa tatu kila siku, mwenye mafunzo ya aina fulani. Mimi nilichora safu mbili, kushoto kila hitaji lililotajwa kwenye ripoti, kulia msaada uliopangwa kwa hitaji hilo. Safu ya kulia ilikuwa na mapengo mengi, na mapengo hayo ndiyo yakawa majibu yangu kwa rasimu.

Kisha utaambiwa hakuna fedha. Huenda ni kweli, na mwalimu anayekuambia hivyo pengine anaumia kama wewe, usimgeuze adui. Omba tu jibu hilo liandikwe: nani ameamua, kwa kifungu gani, na rufaa inakatwa wapi na kabla ya lini. Nimeona majibu yakibadilika kwa sababu tu mtu alitakiwa kuyatia saini. Kumbuka pia huombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unazitaka nchi zilizouridhia zitoe msaada unaolingana na mahitaji ya kila mwanafunzi ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mpango wa mtoto lazima umwezeshe kupiga hatua zinazolingana na hali yake. Maendeleo ya kiduchu hayatoshi.

Mpango ukipitishwa, fuatilia kama unatekelezwa. Omba ratiba. Muulize mtoto nani alikaa naye leo, na msaidizi yuko na watoto wangapi kwa wakati mmoja. Mapitio ya kila mwaka yakija, jiandae kusikia kwamba amepiga hatua sana na saa zake zipunguzwe. Furahi kwa hatua hizo, kisha uliza: alijaribiwa bila msaidizi kwa muda gani, katika masomo yapi, na kumbukumbu za majaribio hayo ziko wapi? Kama hazipo, omba saa zibaki zilivyo mpaka zipatikane, na ombi hilo liingie kwenye kumbukumbu za kikao kabla hamjaondoka.