Barua kwa mwanangu: kwa nini nilitembea hadi Namugongo

Mwanangu Wafula,

Hujambo? Sisi huku Busia hatujambo, ila baba yako anasumbuliwa na sukari kama kawaida. Siku ile uliponiuliza kwenye simu nilikwepa, sebule ilikuwa imejaa wageni. Ulisema: "Mama, basi lipo, nauli nimekutumia, na Mungu yuko hata hapo Busia. Sasa kilomita karibu mia mbili kwa miguu za nini?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Ningepanda basi ningeshuka Namugongo, kule karibu na Kampala walikouawa mashahidi wetu wa imani, na maombi yangu yakiwa vilevile nilivyoondoka nayo. Unayajua: kazi yako, ndoa ya dada yako, afya ya baba yenu. Nilianza nayo pale mpakani, kila fumbo la rozari na ombi lake. Bugiri tukapita, Iganga tukapita. Mwili ukichoka maneno nayo hupungua. Tulipovuka mto Nile pale Jinja nilikuwa nimeshayasema yote, nimeyarudia, hata nikachoka kujisikia.

Kisha ukaja msitu wa Mabira. Ukiupita kwa gari ni miti tu na nyani waliokaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi. Kwa miguu ni vilima, kimoja baada ya kingine. Barabara ile ndiyo ya malori yanayotoka Mombasa. Likipita, upepo wake unakusukuma hadi kwenye majani, halafu unasikia tena viatu vya mwenzako kwenye changarawe. Tulikuwa tunaondoka saa kumi alfajiri, tumevaa fulana za kung'aa gizani, msalaba mbele, pikapu ya mizigo nyuma.

Hiyo pikapu, mwanangu! Katekista alitwambia mapema kwamba atakayeshindwa apande, si dhambi. Kwa hiyo kila kilima ni lazima uamue upya, na mlango wa kutokea unakufuata nyuma ukinguruma. Sikuipanda, wala sijisifu: niliona haya kwa sababu ya bibi mmoja wa parokia ya jirani, mkubwa kwangu kwa umri, aliyekuwa mbele yangu na ndara.

Hapo ndipo hadithi ya mashahidi iliponikaa vizuri. Tangu utotoni mimi nimewajua kwenye picha, wamesimama wamevaa nyeupe. Lakini wale vijana, waliouawa na mfalme wao kwa kukataa kuacha Ukristo, walitembezwa. Walihukumiwa Munyonyo mwezi Mei 1886, wakafungwa, wakaongozwa kwa miguu hadi Namugongo, na wengine hawakufika. Gonzaga Gonza minyororo ilimla miguu hadi akashindwa kusimama, wakamchoma mkuki hukohuko njiani, Lubowa. Waliofika waliwekwa karibu wiki nzima kuni zikikusanywa, ndipo tarehe 3 Juni wakachomwa moto, Charles Lwanga na wenzake, pamoja na Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi, ambaye Lwanga alikuwa amembatiza usiku ule wa mwisho kule Munyonyo. Kusema "sitaki dini tena" kulikuwa kunawezekana kila siku ya zile siku. Silinganishi malengelenge yangu na mateso yao, hiyo itakuwa kufuru. Nasema tu kwamba njia ile ni sehemu ya ushahidi wao, na mimi nilikuwa sijawahi kuifikiria.

Sasa, katikati ya Mabira, maombi yameniishia, akanijia mtu ambaye sikumtia kwenye orodha. Kabaka Mwanga, yule mfalme wa Buganda. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa nimelea wavulana. Yule aliyetoa amri alikuwa na miaka 18 hivi, rika moja na wengi wa aliowaua, amerithi kiti cha baba yake akiwa bado kijana mbichi, Wazungu wanamzunguka kila upande. Waingereza baadaye walimpeleka uhamishoni Ushelisheli, akabatizwa, akafia hukohuko mwaka 1903. Tunaimba litania ya mashahidi 22 wetu, Waanglikana wanakumbuka wao 23, na Waislamu waliouawa kabla ya hao, enzi za Mutesa, wana msikiti wao hapohapo Namugongo. Mwanga sikusikia mtu akimwombea. Basi nikamwombea mimi, makumi mawili ya rozari, kilima hadi kilima. Mwenzangu aliponiuliza namwombea nani nikasema ni mgonjwa mmoja.

Na huwezi kumwombea Mwanga halafu ukamruka baba yako mkubwa. Alinijia nyuma yake moja kwa moja, yeye na mpaka wake wa shamba. Huyu alikuwa mgumu kuliko Mwanga, maana Mwanga hajang'oa mimea yangu ya mipaka. Hadi Lugazi kwenye mashamba ya miwa nilikuwa bado nabishana naye kichwani.

Namugongo kwenyewe nitakusimulia ukija. Ni watu, watu, watu. Maaskofu walikuwa kwenye kisiwa cha lile ziwa dogo, mimi niliona kofia tu. Basilika ina umbo la nyumba ya Kiganda na nguzo 22, nikaigusa moja. Maji ya ziwa nimewaletea kwenye chupa.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Mungu yuko Busia, sikatai. Lakini Busia mimi ndiye ninayesema muda wote, hata yeye simpi nafasi.

Baba yako mkubwa nimemsalimia Jumapili baada ya misa, akashtuka. Tumeongea habari za mvua. Mpaka bado uko palepale alipousogeza, na wazee wataitwa mwezi ujao, hilo halijabadilika.

Ukitaka kuja mwakani, niambie kabla ya Pasaka nikuandikishe parokiani. Usinunue viatu vipya, njoo na vile unavyokwendea kazini kila siku, na soksi nene. Ile nauli ya basi sikuigusa, nimemlipia mdogo wako ada iliyobaki.

Ni mimi,
Mama yako