Mwanangu, hizo gharama za duka usizilipe kabla hujasoma hii

Mwanangu hujambo, sisi huku Moro wazima, bibi anakusalimia. Ile picha ya karatasi ya bei ya pikipiki uliyonitumia jana nimeikuza nikaisoma yote, na swali lako la je mama hizi hela za juu nilipe tu au naweza kuongea nao, jibu ni uongee nao baba, tena uongee sana, kabla hujatoa hata shilingi ya advansi.

Wamekuambia pikipiki ni 3,100,000. Hapo chini wameongeza usajili na kadi 230,000, bima 80,000, kufunga pikipiki 60,000, huduma ya haraka 50,000, na faili 30,000. Jumla ya nyongeza ni 450,000. Hiyo ni hela ya mtu kula miezi kadhaa na wewe ulitaka kuilipa kwa sababu imechapwa kwenye karatasi yenye nembo.

Sikiliza sasa. Hela ya serikali inalipwa kwa control number, ile namba ya malipo ya serikali. Waambie wakupe control number ya TRA, wale wa kodi, ulipie mwenyewe kwenye simu, utaona kabisa ni shilingi ngapi, na hapo hakuna wa kubishana naye maana ni serikali. Ukiacha bima, chochote kisichokuwa na control number hicho ni cha duka, na cha duka kinapungua. Ile 230,000 nina wasiwasi nayo, naona kama wamechanganya ya TRA na ya kwao humo humo, we waombe tu waitenganishe, utawaona wanavyoanza kukuna kichwa. TIN yako, namba ya mlipakodi, unayo tayari na hata wasiokuwa nayo TRA inatoa bure, kwa hiyo asije akakutajia hela ya TIN. Na hiyo ya faili sijui faili gani, karatasi tatu na pini.

Hii ya kufunga pikipiki ndo imeniudhi. Pikipiki mpya inakuja kwenye boksi, tairi la mbele limetolewa, usukani umelazwa, vioo viko kwenye nailoni, betri haijatiwa maji yake. Fundi wa duka anaifunga, anakaza bolti, anaangalia cheni, ndo inakuwa pikipiki. Sasa wewe umenunua pikipiki au umenunua boksi? Waambie hivyo hivyo, kwa upole, mama kaniuliza. Kazi ya kuifunga ni yao.

Bima usiikatae, hiyo lazima, ila angalia wameandika ya binafsi au ya biashara. Wewe unaendea kazini, plate yako ni ya njano, sio nyeupe ya bodaboda, na bima ya biashara ni ghali zaidi, kwa hiyo wakikuandikia hiyo unalipia kitu usichofanya. Stika ukipewa ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, hapo hapo dukani.

Halafu usibishane mstari mmoja mmoja, watakupunguzia faili waongeze kwenye kofia ngumu. Waulize swali moja, natoka nayo hapa barabarani, na kadi, na plate, na bima, kwa shilingi ngapi? Ukitoa zile tatu za mwisho kwenye karatasi, kufunga, haraka na faili, inabaki 3,410,000, wewe anzia 3,350,000 ukiwa na profoma, karatasi ya bei, ya duka lingine mkononi, Kariakoo maduka yamepangana, kutembea ni bure. Wakigoma kabisa kushusha waombe oil ya service ya kwanza na kofia mbili nzuri. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, isome kiasi chote ulicholipa, asikuambie tuandike ndogo.

Nakuambia haya kwa uchungu maana 2014 niliponunua ile pikipiki ya kwanza ya hesabu, ya kumpa kijana aendeshe aniletee hela, nililipa hiyo hiyo huduma ya haraka, nikaona nimewahi, kumbe kwenye kadi namba ya injini wameandika 8 badala ya 3. Sikuangalia. Kijana wetu akakamatwa Msamvu, pikipiki ikalala kituoni, duka likanizungusha miezi miwili, hesabu hakuna na ada yako ya form two ilikuwa inasubiri humo humo, ndo ule muhula uliochelewa kuripoti na mimi sikukuambia kwa nini.

Kwa hiyo siku ya kuchukua kadi nenda na kitambaa, futa grisi pale shingoni chini ya usukani namba ya chesisi isomeke, kisha inama kwenye injini, soma tarakimu moja moja kwa sauti huku umeshika kadi. Wakikuharakisha waache wakuharakishe.

Jumamosi ukienda nipigie ukiwa mlangoni kabla hujaingia, na hela usitembee nayo mfukoni, lipa benki kwa jina la kampuni sio kwa namba ya simu ya mtu wa mauzo.

Mama yako.