Nyota Hupimwaje Tungamo?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba ipo nyota ambayo tungamo yake ni kama sehemu ya nane tu ya tungamo ya Jua. Wataalamu wamelijuaje hilo, ilhali nyota haipandishwi kwenye mizani?
Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, mizani ipo, nayo ni nyota nyingine. Nyota mbili zinapozungukana, mwendo wake hudhihirisha nguvu zinayovutana nayo, na nguvu hiyo hutokana na tungamo.

Chukua Gliese 65, jozi ya vibete vyekundu (nyota ndogo zenye mwanga hafifu) iliyo umbali wa miaka ya nuru 8.7, ambayo Willem Luyten aliitambua mwaka 1948. Wanaastronomia huipiga picha mwaka hadi mwaka, wakapima nyota moja iko mbali kiasi gani na mwenzake na iko upande gani, kisha huunganisha nukta hizo mpaka duaradufu itimie. Mzunguko mmoja huchukua takribani miaka 26.5, kwa hiyo kazi aliyoianza mtafiti huenda ikamaliziwa na mwanafunzi wake. Umbali wa wastani kati ya nyota hizo ni mara 5.5 ya umbali wa Dunia na Jua. Kanuni ya tatu ya Kepler hugawanya umbali huo uliojizidisha mara tatu kwa miaka ya mzunguko iliyojizidisha mara mbili: 5.5 mara 5.5 mara 5.5 hutoa 166, na 26.5 mara 26.5 ni 702. Gawanya 166 kwa 702 upate 0.24, ndiyo jumla ya tungamo za nyota zote mbili, karibu robo ya Jua.

Kuigawa jumla hiyo ni kazi nyingine. Mtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega: ndoo moja ikiwa nzito zaidi, huusogeza mti mpaka bega likaribie ndoo hiyo. Nyota nazo huzunguka nukta moja iliyo kati yake, na iliyo nzito hukaa karibu nayo. Kwa Gliese 65 nukta hiyo iko karibu katikati, kwa hiyo kila nyota ina takribani 0.12, ile sehemu ya nane uliyoisoma.

Hatari kubwa iko kwenye umbali, kwa kuwa hujizidisha mara tatu: ukikosewa kwa asilimia 5, tungamo hukosewa kwa asilimia 15 hivi. Kwangu hilo si jambo dogo, kwani chini ya takribani 0.08 ya tungamo ya Jua, kiini hakiwezi kudumisha uunganishaji wa hidrojeni, na kitu hicho hakihesabiwi kuwa nyota.

Jozi nyingine zimekaribiana mno hata darubini haizitenganishi. Nyota za CM Draconis huzungukana kwa siku 1.27, kasi yake husomwa katika mistari ya spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, inayohama nyota ikisogea kwetu au ikituacha, na kwa kuwa kila moja humziba mwenzake kwa zamu, tunajua kwamba tunaitazama obiti kwa ubavuni. Ndivyo tungamo zake zilivyopatikana: 0.23 na 0.21 ya tungamo ya Jua.