Dodoso peke yake halitoshi

Umeuliza kama dodoso la eHEALS linatosha kupima uwezo wa wagonjwa kutafuta na kutumia taarifa za afya mtandaoni. Kwa kuanzia, sawa. Watafiti Norman na Skinner walilichapisha mwaka 2006: maswali 8, kila moja alama 1 hadi 5, hivyo jumla ni kati ya 8 na 40. Halichoshi mtu.

Shida ni kwamba linapima mtu anavyojiona. Anayejiamini atajipa 5 kila mahali, halafu mpe simu umwone: anabofya jibu la kwanza hata kama ni tangazo, wala haangalii limeandikwa na nani au lini. Kwa hiyo ongeza jaribio la vitendo. Mwambie atafute, tuseme, kama ibuprofeni inamfaa mwenye vidonda vya tumbo. Kaa pembeni, usimsaidie (hapo ndipo pagumu!), uandike maneno aliyotafutia, alikoishia, na kwa nini ameliamini jibu hilo. Kuna kipimo kingine cha uwezo huohuo, DHLI (Digital Health Literacy Instrument) cha mwaka 2017, kinachochanganya kujipima na vitendo, kiangalie.

Ukilitafsiri dodoso, lijaribu kwanza kwa watu wachache, wakueleze walivyolielewa kila swali.