Peer: rika, kabaila au lodi?

Kwa miaka mingi nimetafsiri vijitabu vya miradi ya afya, na neno la Kiingereza peer halikuwahi kuninyima usingizi. Ni rika: mwelimishaji rika, shinikizo la rika, unasonga mbele. Siku moja nikaletewa makala kuhusu bunge la Uingereza. Nikaandika, bila hata kupepesa jicho, kwamba sheria ya 1999 ilibakiza "marika 92 wa kurithi". Mhariri wangu, mama mmoja wa Tanga asiye na subira, akanipigia: "Mwanangu, rika nalo hurithiwa?"

Niliona haya: katika bunge lile peer ni lodi, yaani mkubwa mwenye cheo. Ndipo nikafuatilia asili ya neno, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mapema, nawe nakusihi ulifanye. Limetoka kwenye par ya Kilatini, yaani sawa, likapitia Kifaransa cha kale. Aliye sawa amegeukaje kuwa mkubwa? Uliza: sawa na nani? Wakubwa wa Ufaransa na Uingereza walikuwa sawa wao kwa wao, si na mkulima aliyewalimia. Magna Carta, hati ya haki ya Uingereza ya 1215, ilizungumzia mtu huru kuhukumiwa na walio sawa naye. Malodi waliing'ang'ania haki hiyo hadi 1948: lodi akishtakiwa kwa kosa kubwa, wanaomhukumu ni malodi wenzake.

Wala si jambo geni kwetu. Muungwana wa pwani ya zamani alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa. Leo kijana akikupisha kiti kwenye daladala unamwita muungwana, wala humuulizi babu yake alikuwa nani.

Basi nikarudi na "makabaila". Mama akakata tena. Kwa aliyelelewa na Azimio la Arusha, ukabaila ni unyonyaji. "Hapo umeshawahukumu," akasema. Nikafikiria hirimu, neno la pwani ninalolipenda sana, lakini nalo lingenirudisha kwenye umri.

Mwishowe nikaandika "malodi 92 wa kurithi". Rika nikawaachia vijana wa vijitabu vyangu, na wanasayansi wanaokaguliana kazi sasa nawaita wataalamu wenza. Kamusi yangu ilikuwa na jibu moja tu, kwa hiyo siku hizi kabla sijaifungua huandika pembeni kwa penseli: sawa na nani?

Nilimtumia mama makala usiku ule. Akajibu kwa maneno mawili: "Lete ankara."