Mbona faru wa Sumatra walikufa mazizini?

Swali: Faru weusi huhamishwa, huwekwa ndani ya uzio na wanazaana. Kwa nini faru wa Sumatra waliokamatwa ili waokolewe walikufa wengi hivyo?

Jibu: Ni kweli. Kati ya 1984 na 1996 walikamatwa 40, na wengi wao walikufa bila kuacha mtoto.

Kosa la kwanza lilikuwa chakula. Huyu ndiye faru mdogo kuliko wote, kilo 500 hadi 950, mwenye manyoya mekundu, na si mla nyasi. Mche ukimzidi urefu huukandamiza kwa kifua, akaupitia kwa juu, kisha akageuka kula majani ya nchani. Ukimwekea nyasi kavu, tumbo linagoma. Ipuh, dume la bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, alikuwa mahututi mpaka alipoletewa majani ya jamii ya mkuyu kutoka California.

La pili ni matope, ambayo wengi huyadhania anasa. Hulala dimbwini saa 2 hadi 3 kwa siku, jua linapokuwa kali. Dimbwi hulichimba mwenyewe. Ukichungulia ukingo wake utaona michirizi ya pembe. Akinyimwa, ngozi hupasuka na kutunga usaha, macho huugua, kucha huvimba. Sakafu ya saruji na mpira wa maji si mbadala.

Uzazi ndio mgumu zaidi. Jike hapevushi yai mpaka apandwe. Inabidi apimwe kwa ultrasaundi, na kifuko cha yai kikifika milimita 20 hadi 25 ndipo dume afunguliwe. Ukikosea siku, watajeruhiana. Na jike akikaa miaka bila mimba, kizazi hujaa uvimbe. Majike wengi walifika zizini wakiwa hivyo tayari. Jike Emi, wa Cincinnati vilevile, aliharibu mimba 5 kabla ya kupewa projesteroni, homoni ya kushikilia mimba. Mwanawe Andalas akazaliwa 13 Septemba 2001, mimba ikiwa na siku 475. Dume huyo alipelekwa hifadhi ya Way Kambas, kisiwani Sumatra, Indonesia, na 2012 akapata mtoto, Andatu.

Sasa, hao faru weusi unaowasema hawajafugwa. Wametolewa pori hili wakaachiwa pori lile, wanajichagulia majani wenyewe. Faru mweusi akifungwa bustanini hasa, naye huwa katika hatari ya madini ya chuma kulundikana mwilini. Ugonjwa huohuo ndio uliomuua Emi, 2009.