Plazima haichukui nafasi ya antibiotiki
Je, goti la ndama lililoingia usaha linaweza kutibiwa kwa plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, pekee? Hapana. Plazima hiyo, inayopatikana kwa kuzungusha damu ya mnyama mwenyewe kwenye mashine hadi chembe za kugandisha damu zikusanyike, huchochea tishu kupona, na ingawa maabarani imezuia baadhi ya bakteria, bado kiungo huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi yasiyo na vijidudu na antibiotiki hutolewa. Katika kliniki ya mifugo hapa Kabete nimeona ute wa goti, ambao kwa kawaida ni mwangavu na huvutika kama uzi, ukitoka na mabonge ya manjano. Ukichelewa, gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, huliwa. Kagua kitovu pia, maana mara nyingi ndicho chanzo cha maambukizi.